Mpini wa Espreso na Kiti cha Mama Mkwe

Shosti, nakuandikia roho mkononi.

Si uliniambia nisage kahawa laini zaidi ndiyo espreso itoke nzito? Nimeisaga ikawa kama poda, nikaishindilia kwa nguvu zote. Mashine ikanguruma, hata tone halikutoka.

Kiherehere changu! Nikaufungua ule mpini wenye kichujio cha kahawa, presha ikiwa bado imejaa.

PAA! Mpini umeruka, umepita pale anapokaa mama mkwe kila asubuhi. PALE PALE! Umetoboa kabati.

Alikuwa ameinuka kufuata sukari. Sukari tu, shosti!

Kilemba chake kimejaa kahawa. Ananiambia taratibu, "Mwanangu, kama umenichoka, si ungesema?"

Nimekimbilia chooni, nimejifungia. Nimjibu nini?

Anagonga.