Mrenda Bila Mafuta

Kitengela, Jumamosi, Agosti 2008

Leo kumeamka na baridi ya kuuma mifupa, na ule upepo wetu wa vumbi. Nimechoka. Nimechoka hata na kuulizwa kama nimechoka.

Mimba ni ya miezi sita. Mbili zilitangulia na zote zikatoka mapema, kwa hivyo hii kila mtu anailisha. Mama mkwe alikuja kutoka Bungoma na chupa tatu za samli. Asubuhi ni mayai matatu ya kukaangwa. Mchana ni matumbo. Jioni mume wangu, Wafula, anapitia bucha na kuniletea mbuzi wa mafuta, eti ni ya mtoto, halafu anakaa kuangalia kama nimemaliza.

Na kwetu mke hakatai sahani ya mama mkwe. Ukikataa, ni kama umesema anaroga.

Wiki mbili zilizopita daktari wa kliniki alinipima damu, kwa sababu nilimwambia baba yangu alikufa kwa moyo akiwa bado kijana. Akasema kolesteroli hupanda kwa kila mjamzito, hiyo ni kawaida, lakini yangu imepita kiasi. Nikamuuliza kama inamfikia mtoto. Akasema hawajui yote, ila mafuta yakizidi sana kwa damu ya mama, mishipa ya mtoto inaweza kuanza kuharibika angali tumboni, na shida imngojee ukubwani. Nipunguze mafuta, akasema.

Nikarudi nyumbani, na kesho yake nikala mayai matatu.

Naandika hapa kwa sababu mpaka leo asubuhi sikuwa nimemwambia mtu. Wiki mbili nilikula nikijua. Kila tonge nilimwomba msamaha mtu ambaye hata hajazaliwa. Mwoga mimi! Nilimwogopa mama mkwe kuliko nilivyouogopea moyo wa mtoto wangu.

Juzi Mama Naserian, jirani anayetuletea maziwa, alisema kwao Wamaasai mjamzito huachishwa mafuta na akina mama wenyewe. Mafuta ya kondoo atayala akishajifungua. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mlango. "Ng'ombe zote hizo na mnanyima mtu mafuta! Mungu wangu!"

Leo asubuhi nikasukuma sahani. Nikamwambia mama mkwe yote: daktari, baba yangu, zile wiki mbili. Nikamwomba anipikie mrenda ule wa nyumbani, mboga ya kuchemshwa na maji ya majivu bila hata tone la mafuta.

Nilingojea matusi. Alikunja na kukunjua leso yake.

"Hiyo ndiyo nilikula na mimba yangu ya kwanza," akasema. "Mwaka wa njaa. Mrenda asubuhi, mrenda jioni, hata ugali haikuwa. Mtoto akatoka mwepesi kama kifaranga. Alikaa siku nne tu. Nikaapa mke wa mtoto wangu hataonja hiyo kitu akiwa na mimba."

Jamani.

Miaka sita niko kwa hii familia na sijawahi kusikia huyo mtoto akitajwa. Sidhani Wafula anajua. Na mimi nilidhani ni ushamba tu wa kupenda mafuta. Aibu ilinishika.

Nikamweleza kwamba daktari hakusema nilale njaa. Nitakula na ugali, nitakula maharagwe, samaki, matunda. Akaniangalia. "Na tukimpoteza pia huyu?" Daktari mwenyewe hakuniahidi kitu.

Akachukua kikapu, akaenda sokoni bila kuniaga. Saa saba akanitengea ugali, maharagwe na mrenda, na hakuna hata kimoja kilichoguswa na samli. "Kula, mwanangu. Lakini siwezi kukuangalia." Akatoka, akakaa kwa ngazi na upepo wote ule, amenipa mgongo.

Nilimaliza yote. Sikuwa na njaa hivyo, lakini nilimaliza.

Aliporudi ndani aliniuliza kama nimeshiba. Nikasema nimeshiba, mama. Saa tisa akauliza tena. Saa kumi, tena. Wakati wa chai alisimama jikoni na mwiko mkononi, macho mekundu, akauliza, "Lakini umeshiba kweli?"

Kesho ataniuliza tena. Nitamjibu, na keshokutwa nitamjibu, hata kama ni mara mia, mpaka amshike huyu mtoto mikononi na kuona ana uzito.