Goti si Cherehani

4 Machi

Shikamoo Mama. Goti linaendeleaje? Sisi wazima, ila mtoto anaota meno na usingizi tumeuaga.

Kaka ananiambia umeacha vidonge vya baridi yabisi, unakunywa mafuta ya kupikia, kijiko asubuhi kijiko jioni. Nilidhani ananitania. Ni kweli?

Mwanao

11 Machi

Marahaba mwanangu. Mpe kitambaa kibichi atafune.

Ni kweli. Daktari mwenyewe alipoyavuta maji ya goti kwa sindano, alimwambia nesi, "Haya yana mafuta." Basi likikwaruza, si yamepungua? Cherehani ikilia naitia mafuta, inanyamaza. Wewe umekuwa daktari lini?

Mama yako

19 Machi

Shikamoo Mama. Udaktari sina. Nilikwenda kliniki, mtoto mgongoni, nikamuuliza nesi mpaka akanichoka.

Goti zima lina ute wake wa kuteleza, na mafuta ndani yake ni machache. Mafuta ya kwenye damu hubebwa na protini, kama mizigo begani mwa wachukuzi. Kiungo kikivimba mishipa huvuja, wachukuzi wakaingia na mizigo yao wasikoalikwa. Aliyoyaona daktari ni dalili ya uvimbe, Mama, si grisi. Na hicho kijiko hakina njia ya kwenda gotini.

Ukiacha dawa kiungo kitalika, na kushona ndiyo basi. Nina mtoto mmoja asiyesikia la mtu. Sikutegemea kuwa na wawili. Nakupenda na nimechoka. Rudi kliniki.

Mwanao

2 Mei

Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?

Nilinuna. Hata wewe ungenuna, kuitwa mtoto na uliyemzaa. Kisha goti likafura, kukanyaga cherehani kukanishinda, kazi za watu nikampa jirani. Nikaenda.

Nilimwambia daktari vile vidonge vilikuwa vinaniunguza tumbo tangu siku ya kwanza. Akaweka kalamu chini. "Mbona hukusema, mama?" Nikamjibu, "Hukuniuliza." Amenibadilishia. Hivi haviunguzi, navimeza. Goti bado gumu; anasema tusubiri, hakuahidi kitu.

Nawe mwanangu ulinifundisha mishipa, protini na wachukuzi wake, nikaelewa vizuri. Ila kwa nini niliviacha vidonge, hukuniuliza hata wewe.

Mama yako