Kitambaa Kilichokataa Rangi

Rulenge, Ngara

Mdogo wangu Tecla,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa maharage yametoa maua. Vitambaa vya kudarizi nimevichemsha na maganda ya vitunguu: cha pamba kimekolea kama asali, cha kitani kimepauka kidogo, cha poliesta kimetoka cheupe vilevile. Shemeji Protasi akacheka, "Kirudishe sufuriani, kitakubali tu."

Ndivyo anavyosema na juu yangu tangu tumzike kaka yake, kwamba nitakubali kuwa mke wake. Simu kachukua, getini sipiti.

Lakini mgeni husindikizwa, hilo hawezi kulikataza. Njoo Jumamosi, useme umefuata vitambaa. Nitakubebea kapu hadi stendi, na Mungu akipenda tutapanda wote kuja Bisibo.

Cha poliesta nitamwachia sufuriani.

Dada yako akuombeaye,
Eustakia