Shilingi Kumi za Samadi

Baba Nanyama,

Uji uko kwenye sufuria, nimeufunika. Mtu wa mapipa ya samadi atamaliza jioni. Mlipe shilingi kumi zote: sita za kukoroga samadi na maji shimoni, nne za kuimwaga shambani. Akikwambia tulipatana tatu, usikubali.

Asubuhi alisimama barabarani na ng'ombe wake, akakataa kuingia, ati anakungoja wewe. Nikamfuata hukohuko. Akanipa mgongo! Kila nilichosema alijibu akiwatazama ng'ombe: "Sawa, mama." Nikaona hiyo ni dharau ya watu wa Kitale. Nikamwita mwizi, nikamvuta shati anitazame, naye akajifunika uso kwa kofia. Kumi ikawa saba, saba ikawa tatu. Nikarudi jikoni nikiimba.

Nanyama akatoka mtoni, akamwona, akatua mtungi. "Mama, si huyo ni Walubengo?"

Walubengo wake! Ningemjua vipi? Waliokuja kumposa ni wajomba, na mkwe haonyeshi mama mkwe uso. Kijana wa watu alikuwa ananiheshimu, nami nikaitumia heshima yake kumkata bei. Na shati nimemvuta, bana.

Nimeenda kwa dada kule Chwele mpaka amalize. Kuku wafungiwe. Nanyama usimseme, amelia vya kutosha.

~~Akikataa hela, mpe jogoo.~~ Jogoo usimguse. Ni wa siku ile ng'ombe wa mahari wataletwa, kama bado wataletwa.

Mama Nanyama