Tiketi Zilizotangulia Kibali

Jumatatu, 4 Agosti
Chai ya pili, jalada la saba. Kibali cha ngoma, kibali cha spika, kibali cha mkutano wa injili. Nimechoka na mihuri.

La mwisho limenizindua. Akina mama wa Chunyu wanaomba kuendesha bahati nasibu. Zawadi: ng'ombe dume. Wanataka kumnunulia Somoe baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Somoe yuko kidato cha kwanza, miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Mama yake humbeba mgongoni kwenda na kurudi shule. Sasa mgongo wa mama umegoma. Shule zimefunguliwa Julai, mtoto yuko nyumbani mpaka leo.

Nimesoma barua mara mbili. Nimefuta macho. Nimesingizia moshi wa mama ntilie.

Jumatano, 6 Agosti
Fomu inataka afisa aione zawadi. Mwingine angeleta picha. Mzee Masanja kaleta ng'ombe! Kamswaga kwa miguu kutoka Chunyu mpaka hapa Ruangwa mjini. Dume jekundu, nundu hiyo! Limekula maua yote ya mbele ya ofisi, mlinzi anapiga mayowe. Nilicheka hadi nikashika mbavu.

Mzee Masanja ni mfugaji, alihamia huku na mifugo yake kutoka Kanda ya Ziwa. Akanieleza kwa nini katoa dume. Mwaka jana ng'ombe wake waliingia shamba la mbaazi la mama Somoe, wakafyeka. Mama wa watu hakwenda polisi wala kwa mtendaji. Alikuja kumwambia tu, tena kwa upole. Nikaacha kucheka.

Nimeandika: zawadi imeonekana.

Ijumaa, 8 Agosti
Kibali nimekiandaa. Bado saini ya bosi, Jumatatu. Nimempigia Bi. Mwajuma, mwenyekiti wa kikundi. Vigelegele vimenitoboa sikio.

Kanieleza pia kuwa imamu wao amekataza. Anasema ni kamari, kibali au hakuna kibali. Simlaumu. Mimi mwenyewe najipa moyo tu kwamba ni kwa ajili ya mtoto.

Jumamosi, 9 Agosti
Nachingwea, kwa mama. Nimemkuta anapepeta choroko. Tumeongea, tumecheka. Halafu kafungua pindo la kanga, katoa kikaratasi. Ananiuliza, eti akilipata hilo dume atalifunga wapi, chooni?

Tiketi. Ya Chunyu. Kauziwa msibani na binamu yake, wiki mbili zilizopita. Na si yeye peke yake, msiba mzima umenunua.

Nilitamani ardhi ipasuke. Masharti yako wazi: ikiuzwa hata tiketi moja kabla ya kibali, ombi limekufa. Na barua yenye masharti hayo nimeiandika mimi kwa mkono wangu.

Jumapili, 10 Agosti
Sina raha. Mama kauliza kama naumwa. Nimesema kichwa.

Nikinyamaza, nani atajua? Watu wote wa msibani wanajua. Atokee mmoja mwenye chuki, akina mama wataitwa polisi, pesa itashikiliwa, na Somoe ndiye atakayesemwa. Nikisema, Somoe anabaki ndani. Nawachukia wote leo. Najichukia na mimi.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimesema. Bosi kaliweka jalada pembeni, uso mkavu. Ombi limekataliwa. Kila mnunuzi arudishiwe pesa yake, ndani ya wiki mbili.

Nikampigia Bi. Mwajuma, nikamfokea. Mama mtu mzima, namfokea! Akasubiri nimalize.

"Mwanangu," akasema, "huku kwetu kadi za michango ndizo zinatangulia. Harusi, kipaimara, unyago, kadi kwanza. Shughuli inafuata. Tulijua na hii ni hivyohivyo."

Mimi mwenyewe kadi zangu za harusi zilizunguka kabla hata hatujapata ukumbi. Masharti nimewaandikia kurasa tatu, na sikuwahi kwenda kukaa nao mkekani nikawaeleza. Niliomba radhi. Akalia. Mimi nililia baada ya kukata simu.

Jumatatu, 18 Agosti
Bi. Mwajuma kapiga. Wamezunguka wiki nzima kurudisha pesa. Watu hawapokei! Wafiwa kule Nachingwea wamewafukuza kabisa: nani kawaambia sisi tulikuwa tunataka ng'ombe? Wengine wamezichana tiketi mbele yao. Waliopokea pesa yao ni wachache, na ni haki yao.

Nimemuuliza bosi. Kasema mtu akikataa kurudishiwa, aandike kwamba ametoa mchango, aweke saini au dole gumba. Mchango hauhitaji kibali cha bahati nasibu. Uso mkavu vilevile. Ningembusu, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 22 Agosti
Karatasi za dole gumba zimejaa mezani, wino umefika mpaka kwenye mkono wa blauzi yangu. Mzee Masanja kampeleka dume mnadani, pesa kawapa akina mama.

Na leo, baada ya sala, imamu kasimama. Kasema kamari imeondoka, imebaki sadaka, na yeye ndiye wa kwanza kutoa. Bi. Mwajuma ananisimulia huku sauti inamkatika. Jamani, nilidhani mtu huyu hatatoa hata senti. Nimekosea.

Jumatano, 1 Oktoba
Mchana mtulivu. Nimesikia kengele ya baiskeli nje, nikatoka.

Somoe, na sare ya shule. Kaja kusalimia. Mabega yanatoka jasho, anacheka. Nikamkaribisha ndani, kisha nikaona ngazi zetu nne. Miaka yote hii napanda nashuka, sikuwahi kuzihesabu. Nikaketi ngazini, tukaongea hapohapo.

Mama yake alikuwa amesimama nyuma. Mara ashike kiuno, mara afunge kanga upya, mara aishushe mikono. Miaka yote mikono hiyo ilikuwa na kazi, leo hajui aiweke wapi. Somoe alipogeuza baiskeli, mama akaruka kumsukuma.

"Acha, mama," akasema. "Naweza."

Akaacha. Wakaondoka, mtoto mbele, mama nyuma.