Nafasi Yako Imejazwa

Ni mwaka mmoja leo, binti yetu, tangu ulipotutoka, na bado simu ikilia mchana, saa za mapumziko yako, mama yako huinuka haraka akidhani ni wewe.

Ulikuwa daktari wa meno. Ulikuwa pia mwalimu wa wanaosomea udaktari huo, na mtafiti. Mama yako alikuonya: "Mshika mbili moja humponyoka." Ukamjibu, "Mimi nimeshika tatu, mama. Methali hiyo hainihusu."

Wanafunzi walikuogopa, kisha wakakupenda. Aliyemharakisha mgonjwa ulimlaza yeye mwenyewe kwenye kiti cha wagonjwa. "Fungua mdomo, daktari. Panua. Mbona umeng'ang'ania kiti? Nimekugusa?" Wenzake walicheka, naye hakurudia.

Nyumbani ulileta vichupa vya meno ya utotoni, ukitafuta kwa nini watoto wanaokunywa maji ya visima huota meno yenye madoa. Nilikutania kwamba nyumba yetu imegeuka makaburi ya meno. Ukaniketisha, mimi niliyesoma masomo ya jioni tu, ukanieleza mpaka nami nikaweza kuwaeleza majirani.

Ulipougua hukulalamikia maumivu. Uliogopa nafasi yako itakatwa vipande. "Baba, wataajiri mtu wa kutibu tu. Wanafunzi watajifunzia meno ubaoni."

Karibu iwe hivyo. Miezi ilipita bila mtu, kisha hospitali ikatangaza kazi ya kutibu peke yake. Wakamwita Twiga, yule mwanafunzi wako mrefu uliyempa jina hilo kwa sababu hujikunja kweli ndipo amfikie mgonjwa. Siku hizi naye ni daktari bingwa. Alikuja kwetu kutueleza.

"Shikamoo, mzee. Nimewakatalia. Bila wanafunzi na utafiti, siendi."

Mama yako akamaka. "Utakufa njaa wewe!"

"Nitakuja kula kwenu, mama."

Akaja kweli, tena si mara moja.

Mwezi uliopita hospitali na chuo walikubaliana. Kazi ni ile ile yako, nzima: kutibu, kufundisha na kutafiti. Twiga ameipata. Tulifurahi, mwanangu. Nilimshika mkono nikashindwa kuuachia.

Jumatatu alituletea kibao cha mlango wa ofisi yako. Mwaka mzima jina lako lilibaki pale, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kuweka. Alikuwa amekifunga kwa kitambaa safi, akakitoa kwa mikono miwili. Ni sisi tulioomba nafasi hiyo ijazwe. Lakini mama yako alipokipokea alilia kama siku ile ya kwanza.

Unakumbukwa na baba yako, mama yako, mumeo, wanao wawili, kaka yako, shangazi zako, na wanafunzi wako wote, walioko kazini na walioko darasani.

Tutakukumbuka daima, daktari wetu, mwalimu wetu, mtoto wetu.