Mpira wa Maji Uliojikunja

Mume wangu, mjukuu usiye na haya,

Mwaka mzima hujakanyaga kwangu, basi ona ulichokikosa. Mimi nasema, shangazi yako anaandika. Jana niliinama bustanini kuokota mpira wa kumwagilia mboga, nikaushika katikati, nao ukajikunja mkononi. Kumbe nyoka. Nilimrusha akaning'inia kwenye kamba ya nguo, majirani wakatimua mbio. Mkamata nyoka akaja na fimbo yake, akamtia kwenye gunia, akaniuliza, "Bibi, mnene hivi hukumwona?" Nikamjibu nilikuwa namsalimia. Wote wakacheka isipokuwa shangazi yako, maana anayajua macho yangu. Nimemwambia hilo asiliandike, ameliandika.

Ukija, usisimame getini ukinichekea kimya. Ongea, nikujue.

Bibi yako, mkeo wa kwanza